Kosa la Kufumba Macho

Pelagia alikuwa mpakuaji wa chakula katika kantini ya kinu cha pamba, Bunda. Kila mchana, akishawapakulia wenzake ugali na dagaa, alikaa na sahani yake, akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho kidogo, akala. Hakuna aliyemwangalia. Ulikuwa ule mwaka ambao sabuni ilipatikana kwa kujuana, na mashine za kinu zilizunguka siku zilipojisikia, maana vipuri havikuwapo nchini. Watu walikuwa na mambo mengine ya kuangalia.

Ndipo akaja ofisa utumishi mpya, Makongoro. Alizaliwa Nyasho, Musoma, akabatizwa Rafaeli, lakini alikwenda kusoma Ulaya ya Mashariki na jina hilo akaliacha hukohuko. Alirudi na koti zito la baridi, ambalo alilivaa kwenye jua la Bunda bila kulalamika, na swali moja: kwa nini uzalishaji umeshuka? Mwingine angetaja vipuri, au dizeli. Makongoro alikaa kantini mchana mmoja akitazama watu wanavyokula, akaondoka na jibu lake.

Kesho yake tangazo lilibandikwa mlangoni: marufuku kufanya ibada mahali pa kazi.

Pelagia hakuwa mtu wa kubishana. Aliacha ishara ya msalaba, akabaki kusogeza midomo tu. Likabandikwa tangazo la pili, la kukataza kusogeza midomo pasipo kutafuna. Akabaki kufumba macho. Tangazo la tatu likasema kila mfanyakazi ale macho yakiwa wazi.

Sasa, kinu cha pamba ni vumbi na nyuzi zinazoelea hewani tangu asubuhi, na hakuna jicho linaloweza kuvumilia. Ikabidi askari wa lango, kijana aliyeitwa Kija, aletwe kantini kuchunguza macho ya watu. Lango likabaki bila mtu, mbuzi wa mtaani wakaingia wakala pamba, na uzalishaji ukashuka zaidi. Makongoro alipoambiwa habari za mbuzi alisema hilo linaonyesha tatizo lilivyokuwa kubwa.

Wa kwanza kukamatwa hakuwa Pelagia. Alikuwa Mzee Ngolo, fundi wa mikanda ya mashine, mtu asiyewahi kukanyaga kanisani, aliyewaheshimu babu zake kwa desturi za kwao na kuwaacha wengine na mambo yao. Kija alimkuta amefumba macho, tonge liko mkononi.

"Nilikuwa nimelala," Ngolo aliiambia kamati ya nidhamu.

"Kwa hiyo unakubali ulifumba macho," Makongoro alisema.

"Nililala, ndugu. Hata kukoroma nilikoroma."

"Sala ya sauti," alisema Makongoro, na Ngolo akapewa onyo.

Alitoka humo amenuna, akaja kukaa karibu na Pelagia. "Mama Robi, nimepewa onyo kwa kazi yako. Hebu niambie basi, mkifumbaga macho mnasemaga nini?"

"Tunashukuru kwa chakula, mzee."

Ngolo aliwatazama dagaa wake, ambao siku hiyo mchanga ulikuwa mwingi kuliko samaki. "Hiki?"

"Hichohicho."

Nyumbani, mumewe Silasi alimsihi. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kinu, na Robi, binti yao, alikuwa shule. "Fumba ukiwa hapa," alimwambia. "Mungu anaijua saa yetu ya kula." Pelagia aliona ni maneno ya busara. Kesho yake alikodoa macho mbele ya Kija, akakaza kutazama vifungo vya shati lake ili asifikiri kitu kingine, na baada ya muda akajikuta anamshukuru Mungu kwa vifungo vya Kija. Aliona aibu, akafumba macho. Kija naye, kwa masikitiko, akampeleka.

Alisimama mbele ya kamati. Makongoro alitaka jambo lithibitishwe kisayansi.

"Fumba macho bila kusali," aliagiza.

Pelagia akafumba, akafumbua.

"Umesali?"

"Kidogo, ndugu."

"Nimekuambia usisali."

"Niliogopa. Nikiogopaga huja yenyewe."

Akaagizwa arudie, akarudia, ikaja tena. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa na njaa, alisema haiwezekani mtu ashindwe jambo jepesi hivyo, na akapendekeza wajumbe wajaribu wenyewe wapate kulinganisha. Wote wakafumba macho. Makongoro naye akafumba, kwa uzito, mikono juu ya meza. Chumba kikatulia kabisa. Kija, aliyesimama mlangoni, hakujua la kufanya, maana agizo lake halikumtaja mtu kwa jina wala kumsamehe yeyote. Akakohoa.

"Ndugu Ofisa, nimewaona."

Hakuna aliyecheka. Makongoro alifumbua macho yakiwa mekundu, na kwa kitambo alionekana kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akatoa uamuzi: Pelagia ahamishiwe Butiama, akalinde ghala.

Ghala lenyewe halikuwa na kitu. Malori hayakuwa na mafuta, wakulima walikuwa wanangoja malipo, pamba ilikuwa imelala vijijini. Pelagia alipewa kiti, akalinda kitu ambacho hakikuwapo. Aliruhusiwa kufumba macho kutwa, kwa mshahara. Mwanzoni alisali mpaka akachoka. Baadaye alilia, maana Silasi alikuja kumwona kwa taabu kutoka Bunda, na Robi akawa anaongea naye kwa adabu kama mgeni.

Alikaa hivyo mpaka serikali ilipolegeza biashara. Mashirika yakaanza kupunguza watu, na cheo cha ofisa utumishi kikafutwa. Makongoro aliondoka Bunda na koti lake mkononi. Watu walisema alifungua duka Musoma, pale Iringo. Hakuna aliyebandua matangazo. Karatasi zilianguka zenyewe. Pelagia akaitwa arudi kantini.

Siku hiyo kulikuwa na maharage. Alipakua mpaka wa mwisho, akakaa na sahani yake, akainua mkono kwenye paji la uso, ndipo akasikia ukimya. Vijiko vyote vilikuwa vimesimama. Kija alimtazama, wanawake wa kupanga robota za pamba walimtazama, na Mzee Ngolo alikuwa amevua kofia. Walikuwa wanamngoja aanze ili nao wale.

Mkono wa Pelagia ukabaki hewani. Maisha yake yote jambo hili lilikuwa dogo, lake na Mungu wake, na halikuwa na mtazamaji. Alitafuta maneno, yasije.

"Kuleni jamani, maharage yanapoa," alisema.

Hawakula. Pelagia akachukua sahani yake, akatoka nje, akakaa nyuma ya kantini kwenye gunia tupu, akawapa mgongo.