Sinia la Chai na Damu ya Baba

Baba yangu, Weng Bingkun, alikuwa na ugonjwa wa moyo na ubishi, na kati ya hivyo viwili sijui kipi kilinitesa zaidi. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umekakamaa. Daktari Kang wa hospitali ya mjini alikuwa tayari kumpasua aubadilishe, ila kipimo cha wingi wa damu ya Baba kilikuwa tisa tu. Daktari huyo alinivuta pembeni koridoni.

"Mgonjwa mwingine ningemwongezea damu nikaendelea na kazi," alisema. "Lakini mzee wako ni kundi O hasi. Hii damu adimu, wenyewe tunaiita damu ya panda, nimeitafuta mkoa mzima, nikaahidiwa chupa mbili. Upasuaji wa moyo ukienda vibaya, hizo hazitoshi kitu. Simfungui kifua mpaka afike kumi na tatu."

"Na asipofika?"

"Basi huo moyo hautamfikisha mwaka mpya."

Dawa ya chuma ya kuingizwa mshipani walikuwa wameijaribu, ikamvimbisha uso, wakaikatisha. Vikabaki vidonge. Daktari akanionya kwamba chai huyazuia madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, kwa hiyo Baba aache chai kabisa. Ukimwambia mtengeneza chai wa milima ya Anxi aache chai, umemwambia avue suruali sokoni.

Kwetu mgeni akikanyaga kizingiti, maji yameshachemka. Vikombe ni vidogo lakini havina mwisho, na mwenye nyumba hunywa sambamba na mgeni wake. Kumwacha anywe peke yake ni kumwonyesha njia ya kutokea. Habari za ugonjwa wa Baba zilipoenea, kijiji kizima kilikuja kumjulia hali. Walileta mayai na tambi, wakanywa, wakamhurumia, wakanywa tena. Asubuhi mimi namlisha ini la nguruwe na vidonge, mchana wao wanavifuta kwa mapenzi yao. Tuliporudi kupimwa, damu ilikuwa tisa ile ile.

"Nimekunywa kidogo tu," Baba alisema tukitoka hospitali.

"Kidogo na wageni wangapi?"

"Ulitaka niwakodolee macho wakinywa?"

Nilikasirika, na chini ya hasira nilikuwa naogopa vibaya sana. Kesho yake nilibeba sinia la chai na vikombe vyake vyote nikalifungia chumbani kwangu. Wa kwanza kufika alikuwa Shangazi Meiqin, dada yake Baba. Nilimpa maji ya moto. Alichungulia kikombe muda mrefu.

"Suhui, mmefilisika mpaka majani?"

"Majani yapo, Shangazi. Baba ndiye anayekwisha."

"Maskini kaka yangu. Sasa naelewa kwa nini huolewi."

Jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema binti wa Weng kaivua nyumba nguo. Niliyasikia yote na sinia sikulirudisha. Baba alininunia. Alikuwa akila chakula changu akiwa amenipa mgongo, na mimi nikamwambia huo mgongo wake, mradi unakula ini, nimeuridhia.

Yakaja mavuno ya masika. Baba alikaa kwenye kiti akiamuru kwa pua: majani haya yageuze, haya yasubiri, haya yaingie motoni. Kuonja hakuonja. Ndipo Ami Zhuo akaja kununua, kama kila mwaka. Yeye na Baba ni marafiki tangu ujana. Alikuwa ameshapata habari zangu, maana alishuka garini na vyombo vyake mwenyewe, akaketi, akapika chai yetu mpya, akamimina vikombe viwili.

"Onja, Bingkun. Unataka niuziwe kitu ambacho hata mwenyewe hukijui?"

Nilikuwa mlangoni, tayari kurukia kile kikombe. Baba alikiinua, akakinusa. Nilimwona akimeza mate. Kisha akakiweka mezani, akakifunika kwa kiganja.

"Nimeinusa, inatosha. Kunywa wewe."

"Ninywe peke yangu, nyumbani kwako? Tumefika huko?"

"Tumefika. Nataka kuishi, Zhuo. Nimechoka kuona aibu ya kusema hivyo. Kama unanipenda, kunywa peke yako."

Ami Zhuo alikitazama kile kiganja. Macho yakamwiva. Halafu alikunywa, kikombe baada ya kikombe, mpaka majani yakaisha ladha, na Baba akamtazama mwanzo hadi mwisho.

Alipotoka pale akawatangazia wengine maneno ya Baba. Wiki hiyo hiyo Shangazi Meiqin alirudi na bakuli la damu ya bata iliyogandishwa, akalibwaga mbele ya Baba. "Kula, mkaidi wee. Na wewe Suhui nipe hayo maji yako." Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Damu ikapanda kumi na moja, ikasimama hapo hadi nikakosa usingizi, kisha ikafika kumi na tatu.

Siku ya upasuaji nilikaa koridoni hadi miguu ikafa ganzi. Daktari Kang alitoka akiwa ameteremsha barakoa yake.

"Mlango umekaa vizuri. Damu iliyomwagika tuliisafisha kwa mashine tukamrudishia. Zile chupa mbili sikuzigusa."

"Ziko wapi? Zikae karibu, Daktari. Usiku ni mrefu."

"Zimeondoka. Wodi ya wazazi kuna mama ana kundi kama la baba yako, kajifungua, damu haikatiki. Nimempa zote."

Nilimzibia njia. "Na Baba akitoka damu leo usiku?"

Alinishika bega. "Atatumia ya kwake," alisema. "Safari hii anayo."