Faili la Mwezi Uliopita

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, binti aliyekuwa katika wiki yake ya tisa ya mafunzo kwa vitendo aliona tarehe iliyomkausha mate mdomoni.

Alikuwa akipanga mafaili ya kompyuta tu, kazi ya kuzugia wakati chai inapoa. Katika kituo hicho cha utabiri wa hali ya hewa walikuwepo wanafunzi wawili wa chuo kikuu: yeye, na kijana mmoja aliyebandikwa jina la Profesa kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akasema sijui. Miezi mitatu ikiisha, mmoja wao angepata ufadhili wa kwenda kusomea modeli za dunia, zile programu kubwa zinazofunga pamoja hewa, bahari, udongo na mito, kisha zikakokotoa kesho itakuwaje. Mmoja tu. Kwa hiyo walipendana kama wanavyopendana paka wawili penye sahani moja.

Kila alfajiri kazi ya binti ilikuwa kuilisha modeli ya mto. Aliipa mvua inayotarajiwa, akaipa na faili la unyevu wa udongo, nayo ikamwambia maji yatafika kimo gani yakiingia mjini. Leo aliilisha saa kumi na moja, usingizi ukiwa bado umemng'ang'ania machoni. Modeli ikajibu kwamba mto utapanda kidogo. Mkuu wa zamu akatia saini, na saa mbili redio ikatangaza: milimani mvua itanyesha, lakini wakazi wa bondeni waendelee na shughuli zao.

Faili la udongo lilikuwa la mwezi uliopita.

Mwezi uliopita ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame. Udongo wa namna hiyo ukipata mvua unainywa yote. Lakini sasa kulikuwa kumenyesha siku kumi mfululizo. Udongo ulishashiba hadi kooni, na kila tone lingeteremka moja kwa moja mtoni.

Alitazama dirishani. Upande wa milimani anga lilikuwa jeusi tititi.

Aliinuka akaenda chooni, akajifungia, akaegemea mlango. Modeli ingelishwa tena saa sita. Angeweka faili sahihi, taarifa mpya ingetoka, na nani angejua? Hakuna mtu ambaye angeuliza. Alikuwa ameanza kujituliza hivyo, hata pumzi zikaanza kurudi, simu ilipotetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa dada yake, mwalimu wa chekechea katika shule iliyoko bondeni, hatua mia moja kutoka ukingo wa mto.

"Nimewasikia redioni. Ahsante mdogo wangu, nilishataka kuwarudisha watoto nyumbani. Sasa tunakaa nao mpaka saa tisa."

Hakukumbuka alivyofungua mlango.

Mkuu wa zamu alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye miwani ya kamba. Wote walimwita Mama Mawingu, na utani wa pale ulikuwa kwamba hata mvua ikitaka kunyesha hupiga hodi kwake kwanza. Binti alisimama mbele ya meza yake.

"Una nini, mwanangu? Umeona jini?"

"Mama, nimekosea. Asubuhi nimetumia udongo wa mwezi uliopita."

Kalamu ya Mama Mawingu ilisimama. "Rudia."

Akarudia. Safari hii Profesa alisikia, akageuka na kiti chake.

Binti alitegemea kufokewa. Angalau kufokewa kuna mwisho. Lakini yule mama alivua miwani tu, akaifuta, akaivaa, kisha akaivua akaifuta tena. Hapo ndipo binti alipoogopa kwelikweli. Hakuwahi kufikiri kwamba Mama Mawingu naye huogopa.

"Weka faili la leo, anzisha upya. Itachukua muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Hatuna dakika arobaini." Alikwisha kushika simu, akimpigia msoma kipimo wa daraja la juu, mzee ambaye kazi yake ni kutazama nguzo yenye namba iliyosimikwa mtoni. Akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Nilikuwa nakutafuta, mama," mzee alisema, huku nyuma yake kukisikika mngurumo kama wa lori lisilokwisha kupita. "Maji yamepanda mita nzima tangu nifungue kibanda. Na yamebadilika rangi."

Mama Mawingu hakusubiri modeli. Aliandika tahadhari kwa mkono, mistari minne, akampa Profesa aipeleke redioni na kwa watu wa uokoaji. Profesa alikimbia bila kuuliza lolote.

Binti alimpigia dada yake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita. Mara ya tano, ya sita. Kwenye kompyuta modeli ilikuwa imefika asilimia thelathini, kisha thelathini na moja. Alitamani kuisukuma kwa mabega. Mara ya tisa dada alipokea, na nyuma yake watoto walikuwa wakiimba.

"Dada, watoe watoto. Wapandishe shule ya sekondari, kule juu. Sasa hivi!"

"Lakini si ninyi mmesema—"

"Tulichosema nilikikosea mimi! Dada, nakuomba, toka!"

Wimbo ulikatika. Simu nayo ikakatika.

Modeli ilipomaliza, mstari wa mto ulikuwa umevuka alama nyekundu ya mafuriko, ukaendelea kupanda. Binti akampigia tena dada yake; simu haikupatikana.

Saa nne na nusu dada alipiga, akihema. Walikuwa wamefika juu, ila orodha ilikuwa na watoto thelathini na wanane, naye alikuwa amehesabu thelathini na saba. Alihesabu tena simuni, kwa majina, sauti ikizidi kupanda, na binti aliziba mdomo kwa kiganja ili asipige kelele. Maji yalikuwa yameshaingia uwanjani, hakuna aliyeweza kurudi. Dakika ishirini na tano zilipita kabla mpishi wa shule hajakumbuka kwamba babu wa yule mtoto alimchukua mapema kumpeleka zahanati. Wakampigia babu. Mtoto alikuwa zahanati, amepakatwa, analia kwa kuogopa sindano.

Alasiri darasa la chekechea lilikuwa na maji hadi madirishani. Mlinzi wa shule alivunjika mguu akiokoa madawati. Karakana mbili na nyumba kumi na moja zilikwenda na mto. Hakuna aliyekufa.

Binti aliandika mwenyewe ripoti ya kosa lake, akaipeleka akiwa ameinamisha kichwa. Mama Mawingu aliisoma, kisha akaongeza mstari chini kwa mkono wake: "Nami nilitia saini bila kulifungua faili."

"Mama, si lazima—"

"Ni lazima. Kaa chini unywe maji, utaanguka hapa."

Ufadhili ulikwenda kwa Profesa. Alipokuja kuaga alisimama kando ya meza ya binti, akijikuna shingo. "Ningekuwa mimi, sijui kama ningesema," alisema. Lilikuwa sijui lake la kwanza. Binti alicheka, kisha akalia kidogo.

Yeye aliongezewa miezi sita, bila ufadhili, katika zamu ya alfajiri, na mwakani angeruhusiwa kuomba tena. Dada hakumpigia simu kwa wiki mbili. Alipompigia hatimaye, hakutaja mto. Aliuliza kama anakula, na kama kesho mvua itanyesha.

"Subiri nifungue, dada," binti alisema. Aliisoma tarehe ya faili, akaisoma tena.