Kidiri Waliomkosea Adabu Don Fidencio

Eulalia Quezada alikuwa amekaa nyuma ya pikapu ya binamu yake Chema, darubini machoni, chapati ya mahindi yenye maharage mapajani. Wanakijiji wa Ojo Seco walikuwa wamewatuma wakachunguze kama kweli kidiri, wale wanyama wadogo wanaosimama wima kwenye midomo ya mashimo yao na kubweka kama mbwa, ndio waliomaliza malisho ya pamoja. Mwenyekiti, Don Fidencio, alikuwa ameapa kwamba ndio.

Kidiri walikuwa na mlio wao wa kuonyana mwewe akija na mwingine wa mbweha. Asubuhi ile, gari la Don Fidencio lilipochomoza, mmoja alirusha mikono juu akabweka, "Mwizi!" Mji mzima wa kidiri ukaitikia.

Chema alimeza kahawa yake. "Wana lafudhi ya watu wa Chihuahua."

"Ya milimani hiyo," alisema Eulalia. "Huwasikii wanavyoivuta?"

Wakaendelea na kazi. Penye kidiri, nyasi zilikuwa fupi lakini mbichi, na maua ya njano katikati. Ardhi tupu ilianzia walikopita ng'ombe wa mwenyekiti, ikaishia kwenye uzio aliousogeza mwenyewe mwezi Januari hadi ndani ya malisho ya pamoja. Ndani ya uzio nyasi zilifika magotini. Mbuzi wa mama yake Eulalia walisimama nje wakizitazama, mbavu zimewatoka.

Mkutanoni Eulalia alieleza yote. Don Fidencio hakukanusha neno. Yeye alikuwa na lake.

"Umri huu," alisema, kofia kifuani, "mnyama wa shimoni ananiita Mwizi, hivi hivi, kana kwamba tumecheza gololi pamoja! Hata 'Don' ya heshima wameshindwa kuniwekea?"

Ukumbi uliguna kwa uchungu. Mama yake Eulalia, aliyekuja kudai malisho, akatikisa kichwa. "Hapo wamekosea."

"Mama! Na mbuzi wetu je?"

"Mbuzi watasubiri. Hapa tunazungumzia malezi."

Basi Eulalia akatumwa tena. Alichuchumaa kwenye shimo kubwa kuliko yote. "Jamani, mnanitia aibu," alisema. "Semeni mnayosema, ila mzee ni mzee." Jike mmoja mnene alimsikiliza huku akitafuna mzizi, kisha akaingia ndani kushauriana na wenzake.

Jumatatu Don Fidencio alipita polepole, kioo cha gari kimeshushwa.

"Don Mwizi!" walibweka wote, vichwa wameinamisha.

Akavua kofia. "Hamjambo, vijana." Kisha akaingiza ng'ombe wake ndani ya uzio na kutia kufuli langoni.

"Umeona?" mama alimwambia Eulalia, akiwa ameridhika kabisa. "Wanafundishika."

Halafu akamshika mbuzi wa mwisho miguu, Chema akamshika pembe, wakampandisha kwenye pikapu pamoja na wenzake, wakauzwe mjini.