Kidonge Kilichosubiri Komunyo

Mama mwenye mtoto wa kifafa, soma mpaka mwisho. Ukimaliza unitukane ukitaka, lakini dawa mpe.

Mwanangu Kibreab alikuwa na miaka kumi na minane, na kifafa alikuwa nacho tangu ana tisa. Kijijini tulijua mimi na marehemu baba yake tu. Dawa nilikuwa naifuata mpaka mjini Adigrat, mwendo wa saa tatu kwa basi, na huku zahanati yetu inayo, kwa sababu muuguzi wa pale ana mdomo. Kwetu nyumba ikishajulikana ina kifafa, hakuna wa kuoa wala wa kuolewa humo. Na mimi nilikuwa nimeshamtamani binti wa mama mwenzangu Abadit awe mke wa mwanangu.

Asubuhi ya sikukuu ya monasteri, Kibreab alishika kidonge mkononi.

"Mama, hiki je?"

"Leo unapokea komunyo. Tangu jana hujaonja hata maji, sasa unataka kuvunja mfungo kwa kidonge? Utakimeza ukishuka kutoka monasteri."

"Daktari alisema nisiruke hata siku moja."

"Huyo daktari wako hafungi. Kiweke."

Akakiweka mfukoni. Alikuwa mtoto wa kusikia.

Tulifika chini ya mwamba pamoja na Abadit. Monasteri iko juu kabisa, na njia ni moja, kamba ya ngozi ya ng'ombe. Wanaume hupanda, sisi wanawake tunabaki chini, tunabusu jiwe na kusali hapo hapo. Mgeni, mzee na mgonjwa hufungwa kiunoni mkanda wa pili, ambao watawa wawili wanaushikilia kule juu. Vijana wetu hupanda kwa mikono yao. Kijana akifungwa mkanda huchekwa mwaka mzima.

Zamu ya Kibreab ilipofika alisimama na kamba mkononi bila kupanda. Abba Gebray, mtawa mlinzi wa kamba, akachungulia kutoka juu.

"Mbona huyo anasita? Mgonjwa? Tumshushie mkanda?"

Abadit akawahi kujibu. "Mkanda wa nini, Abba? Huyo nataka kumpa binti yangu. Mkimfunga kama kikongwe, binti nitamwoza kwa mbuzi."

Watu wakacheka. Kibreab hakucheka. Alinigeukia akanitazama, akingoja niseme mimi.

"Mzima, Abba," nikasema. "Ni njaa ya mfungo tu."

Akapanda. Alipanda vizuri, nilijivuna hata nikamgusa Abadit begani. Alipopita nusu, kichwa kikaanza kugeukia kushoto, taratibu, kama anayeitwa na mtu. Ni mimi tu niliyejua maana yake. Nikapiga kelele wamshike. Wangemshika kwa kitu gani? Kamba ilikuwa mikononi mwake, na mikono haikuwa yake tena.

Alianguka karibu na miguu yangu. Kidonge kilikuwa bado mfukoni.

Abba Gebray alishuka, akapiga magoti, akamfumba macho. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Nikamweleza yote, mfungo na kidonge.

"Dawa si chakula, mama," akasema. "Mgonjwa anameza dawa yake na komunyo tunampa. Ungeuliza tu."

"Niliogopa kuvunja mfungo."

"Na mkanda? Nilikuuliza mbele ya watu wote."

Baadaye kuhani mmoja aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Nilimwomba asilirudie neno hilo nyumbani kwangu. Mungu hakusema "mzima, Abba". Nilisema mimi.

Siku ya tatu ya matanga Abadit alikuja na kikapu cha mkate. Alikaa karibu yangu, akangoja wengine watoke kuosha vikombe.

"Nimesikia kilikuwa kifafa," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Binti yangu naye anacho. Huyo huyo niliyetaka kumpa Kibreab. Dawa nampa kila asubuhi, hata Ijumaa Kuu, nikiwa nimefunga mlango."

Nilimwangalia mpaka akainamisha uso.

"Siku zote hizo, Abadit. Kwa nini hukuniambia?"

Akafuta macho kwa ncha ya shuka yake.

"Na wewe, Letay, kwa nini hukuniambia?"