Mafuta ya Lulu ya Kajo-Keji

Santina aliloweka kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, kwenye mchuzi wa bamia mpaka ikalegea kabisa, akaimeza bila kuitafuna. Vidonda vilikuwa vimerudi. Kimoja kilikaa chini ya ulimi, viwili ndani ya mdomo wa chini, vyeupe katikati na vyekundu pembeni.

Vilianza mwaka aliorudi Juba kutoka kambi ya wakimbizi ya Adjumani, akamkuta shemeji yake Wani amehamia kwenye nyumba ya mtaa wa Nyakuron aliyoijenga marehemu mumewe. Wani alimpokea akiwa amesimama getini. Alisema nyumba ni ya ukoo, na mtoto pia ni wa ukoo, kwa hiyo Lilly, binti ya Santina, angeingia, naye mama yake angetafuta pa kwenda. Santina alitaka kusema kitu. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi uani wakinywa chai, na hakuna aliyeinua macho. Akafunga mdomo, akaenda kupanga chumba cha mabati mtaa wa Mangateen. Kulipokucha mdomo ulikuwa na vidonda.

Kliniki walimpa vidonge vya vitamini, wakamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Alisukutua. Vikapona, vikarudi, vikapona, vikarudi.

Namutebi, Mganda aliyeuza mafuta soko la Konyo Konyo karibu na meza ya Santina ya samaki wakavu, ndiye aliyemwekea mbele kichupa cha mafuta ya lulu, yale mazito ya manjano yanayotoka kwenye kokwa za mshea.

"Pakaa asubuhi na jioni, dada," alisema. "Lakini nikuambie ukweli. Hii ni ya Kajo-Keji. Haiponyeshi, inahamisha tu."

"Inahamisha wapi?"

"Inajua yenyewe. Ile ya kuponyesha iko kwa gari, na gari imekwama mpakani Nimule."

Santina alikichukua kwa sababu alikuwa na njaa.

Alijipaka kwa ncha ya kidole. Kesho yake alikula nyama ya kuchoma na pilipili, akatafuna polepole kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Jioni ile ile habari zikafika sokoni kwamba Wani wa Nyakuron ameshindwa kunywa chai.

Wani mwenyewe alikuja kwa boda boda, leso mdomoni.

"Shemeji," alisema kwa shida, "chukua vidonda vyako."

"Toka kwenye nyumba yangu." Maneno yalitoka bila kukwaruza popote, na Santina akayarudia kwa ajili ya kuyasikia tu. "Toka kwenye nyumba yangu, shemeji. Nirudishie mtoto."

Wani alitikisa kichwa, akapanda boda boda yake.

Wazee wakaitisha kikao. Santina aliongea mchana kutwa, akaeleza tofali kwa tofali namna mumewe alivyoijenga nyumba ile, na wazee wakamsikiliza kwa adabu. Kisha wakamtaka Wani afungue kinywa. Wakachungulia mmoja baada ya mwingine, wakakubaliana kwamba vidonda vile ni mali halali ya Santina, na si haki mtu kulazimishwa kutunza mali ya mwenzake. Walimwamuru avichukue. Suala la nyumba wakasema litatafutiwa siku yake.

Santina aliendelea kujipaka. Alinenepa kidogo. Alicheka sokoni, na wanawake wa meza za jirani wakafurahi kusikia sauti yake. Vidonda vipya vilipoanza kumchipuka, mafuta yaliviondoa kabla havijafunguka.

Namutebi ndiye aliyemletea habari. "Dada, mdomo ya shemeji yako imejaa. Wanasema sasa vinatafuta mtu mwingine ndani ya ile nyumba."

Santina aliacha samaki wake mezani, akaenda Nyakuron. Lilly alitoka getini akiwa amekonda, udenda umemkauka kidevuni.

"Mama, inauma. Hata maji naogopa."

"Fungua."

Aliinamia kinywa cha binti yake. Alivitambua vyote: kile cha chini ya ulimi, na vile viwili vya mdomo wa chini.

"Nipake hiyo mafuta yako," Lilly alisema.

"Tukikupaka wewe, vitaenda kwa mtoto mwingine nisiyemjua. Bora virudi kwangu. Vinaijua njia."

Aliporudi Mangateen alimwaga kilichobaki kichupani. Alisukutua kwa maji ya chumvi mpaka ladha ya mafuta ikaisha mdomoni, kisha akaketi kwenye kizingiti, kinywa wazi, kama mtu anayesubiri kutolewa jino. Vilirudi jua likizama. Vilikuja na vya Wani pia.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, alipita Nyakuron.

"Mama!" Lilly alimpungia mkono kutoka ndani ya geti. "Leo nimekula na shatta, ile pilipili kali!"

Wani alikuwa nyuma yake, amenyolewa vizuri, bila leso.

"Shemeji, habari za siku nyingi," alisema kwa upole. "Mungu akubariki. Siku moja utakaribia, tunywe chai."

Santina alikuwa na mengi ya kumjibu. Ulimi haukunyanyuka. Akampungia binti yake mkono, akaendelea kupunga mpaka Wani alipofunga geti.