Meneja Amekula?

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti jikoni akimbembeleza mbwa kwa kijiko. Ndani ya bakuli mlikuwa na wali laini na kuku wa kuchemsha asiyetiwa chumvi, amechambuliwa nyuzinyuzi na mifupa yote kutolewa, kama daktari wa mifugo alivyoagiza. Mbwa alinusa, akageukia ukutani, akashusha pumzi ndefu kama mtu anayeletewa habari aliyokwisha kuisikia.

Jina lake Meneja. Aliitwa hivyo kwa sababu katika karakana ya makochi ya Baba Pacha, mume wa Mama Pacha, hakuna kiti kilichotoka mlangoni kabla mbwa huyo hajakizunguka na kukinusa kila mguu. Kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Lililetwa kochi la mteja mmoja aliyezoea kula akiwa amelikalia, na sponji lake lilinukia mchuzi wa miaka. Meneja alikagua, akaonja, na kabla watu hawajageuka alikuwa amekwisha kuteremsha kipande kizima pamoja na vifungo vya mgongoni. Sponji likafura tumboni. Daktari akapasua, akatoa, akashona.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa akishona foronya na vitambaa vyote vya karakana ile. Aliutazama mshono akakubali kwamba daktari ana mkono mzuri. Kilichobaki ni mbwa kula.

"Asipokula, kidonda hakifungi," daktari alikuwa amesema. "Na kisipofunga, msinilaumu."

Meneja hakula. Baba Pacha, aliyekuwa amemshonea kola pana ya ngozi bandia na kuipigilia misumari ya shaba ili asiulambe mshono, alimpigia magoti na kumwita mwanangu, jambo ambalo wanawe hawakuwahi kufanyiwa. Mapacha wenyewe, wasichana wawili wa sekondari wenye jibu kwa kila kitu, walileta supu, mayai na maini. Bibi, mama yake Baba Pacha, alisema mbwa anadeka tu na kwamba yeye enzi zake hakuona kiumbe aliyekufa kwa kuringa. Lakini hata yeye alichungulia bakuli kila alipopita. Nyumba nzima ilikuwa roho juu. Aliyerudi kutoka nje aliuliza kabla hajavua viatu, "Meneja amekula?"

Siku hiyo mchana Mama Pacha aliweka chakula mezani. Paja moja la kuku alimpa Baba Pacha, la pili Bibi, na kidari akawagawia mapacha. Akapeleka maji. Akarudi kuchukua chumvi. Akarudi tena kuchukua kijiko ambacho mmoja wa mapacha alidai kina harufu ya sabuni. Vijiko vilipoanza kugonga sahani kwa utulivu, alisimama kando ya jiko, akachukua shingo ya kuku na ukoko uliobaki chini ya sufuria, akaanza kula harakaharaka.

Chini ya meza, Meneja alianza kutafuna. Mdomoni hakuwa na kitu. Alitafuna, akameza, akakunja uso. Tumbo lake likainuka kidogo, akapiga mbweu.

"Meneja amekula," alisema pacha mkubwa.

"Amekula nini?" Baba Pacha akauliza. "Bakuli lake limejaa."

"Anakula anachokula mama," alisema pacha mdogo bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Mwangalieni. Mama, meza tena."

Mama Pacha akameza tena. Meneja naye akameza, kisha akautazama ukoko ule kwa uchungu.

Bibi hakuona jambo la kuzungumziwa. Marehemu kaka yake, alisema, aliugua kikohozi ambacho kilikoholewa na jirani, na wala hawakugombana. Baba Pacha akampigia simu daktari, naye pia hakushtuka.

"Hutokea," alisema daktari. "Uzi wa aina hii wakati mwingine unamshika na mtu wa karibu. Siku nikiutoa, basi. Huyo mama anakula nini?"

"Anakula..." Baba Pacha akasita. "Tunachokula sisi."

"Anakula saa ngapi?"

Baba Pacha akamgeukia mama yake. Bibi akawageukia mapacha. Mapacha, wenye jibu kwa kila kitu, wakainamia sahani zao.

"Sasa mkiwa mezani, yeye anakaa wapi?" daktari akauliza.

Baba Pacha alikuwa fundi viti mwenye kusifiwa mji mzima. Aliitazama meza yake. Ilikuwa na viti vinne, na vyote vilikuwa na watu.

"Haya," daktari akasema. "Mlisheni vizuri mama, mbwa atapona."

Mchana huohuo Baba Pacha alitengeneza kiti cha tano. Akakiwekea mto mnene na mgongo wa kuegemea, kwa kuwa mgonjwa hatakiwi kujikunja.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Meneja hakuwa na kosa ila kuchagua. Shingo ya kuku ilimtapisha. Chai iliyopoa ilimliza. Ukoko ndio kabisa, alikuwa akiusikia unakwanguliwa tu anajificha chini ya kochi. Alitaka paja, la moto, na Mama Pacha awe amekaa. Akiinuka katikati ya mlo hata kwa jambo dogo, mbwa alishikwa na kwikwi iliyotikisa mshono, na nyumba nzima ikapiga kelele, "Kaa! Kaa!"

Basi ikawa sheria kwamba Mama Pacha asiitwe wakati anatafuna. Mapacha wakaanza kuosha vyombo, maana Meneja alihitaji kutulia baada ya kula. Baba Pacha alijiletea chumvi mwenyewe, na safari ya kwanza alikwenda kuitafuta kwenye kabati la nguo. Bibi alilitoa paja lake kwa moyo mzito. "Ni kwa ajili ya mbwa," akasema, ili mtu asije akajipa matumaini.

"Tafuna polepole, Mama Pacha," mumewe alimwambia huku akimkodolea macho mdomoni. "Mshono huo. Ongeza na ndizi, anazipenda sana."

"Nani anazipenda?"

"Meneja."

Mama Pacha akacheka, akaongeza ndizi. Hakuwa amejua kwamba anazipenda. Kulikuwa na mengi ambayo hakuwa ameyajua. Hakujua kwamba wali ukiwa wa moto unanukia, kwa sababu kila mara ulipomfikia ulikuwa umekwisha kunukia kwa wengine. Hakujua kwamba ngozi ya paja la kuku ndiyo tamu kuliko nyama yenyewe. Mashavu yakamjaa. Akawa anaimba kwenye cherehani, na foronya alizoshona siku zile zilitoka zimenyooka kuliko zote. Alikuwa na furaha, na aliionea haya furaha yake, kwa sababu alijua vizuri kwamba mgeni wa heshima mezani pale si yeye. Kila alipoweka kijiko chini, macho yote yaliinama chini ya meza.

"Meneja amekula?"

"Ameshiba," alijibu Mama Pacha, na hakuwa anasema uongo.

Kidonda kikafunga. Siku ya kutoa nyuzi Mama Pacha alimpeleka mbwa mwenyewe, na daktari akamlaza mezani, akampapasa tumbo, akaridhika.

"Nikiutoa huu, kila mtu anarudi kwenye tumbo lake," alisema. Kisha akamtazama Mama Pacha, mashavu yale mapya, akateremsha sauti. "Ila ukitaka, mama, naweza kuuacha kwa muda. Mimi sitasema."

Mama Pacha aliuangalia mshono. Ngozi ilikuwa imeanza kuvutika na kuwa nyekundu pale uzi ulipopita. Kitambaa ukikiacha na uzi wa kushikizia baada ya kazi yake kwisha, hukunjamana, na mwisho wake huchanika. Hilo alilijua hata akiwa amefumba macho. Na bado alitaka kusema uachwe. Alitaka hivyo mpaka mate yakamjaa mdomoni. Meneja, aliyekuwa anatetemeka, akamlamba kiganja.

"Utoe," akasema Mama Pacha. "Unamkera."

Uzi ukatoka bila maneno mengi.

Walipofika nyumbani kulikuwa na shangwe. Baba Pacha alikuwa amenunua kuku, naye Mama Pacha akampika. Kiti cha tano hakikuwepo. Mteja alikuwa amekipenda asubuhi akauziwa, na mgonjwa si amepona? Paja moja lilikwenda kwa Baba Pacha. La pili aliwekewa Meneja katika bakuli lake chini ya meza kwa heshima ya siku, na Bibi akanuna. Mama Pacha akapeleka maji. Akarudi kuchukua chumvi. Mapacha walikuwa na mitihani, kwa hiyo vyombo vilimsubiri karaini.

Alisimama kando ya jiko, akachukua shingo ya kuku. Kabla haijafika mdomoni, alisikia ladha ya paja. Lilikuwa la moto, na ngozi yake juu. Akainama kidogo kuchungulia chini ya meza. Meneja alikuwa anatafuna kwa bidii, macho ameyafumba. Mama Pacha akameza pasipo kuwa na cha kumeza, akasikia tumbo linajaa taratibu mpaka likawa halina nafasi tena. Akapiga mbweu, akaomba radhi.

"Imegeuka," alisema pacha mdogo. "Sasa Meneja akila, mama ndiye anayeshiba."

"Kweli, Mama Pacha?" Baba Pacha akauliza.

"Nimeshiba," alisema Mama Pacha.

Baba Pacha alifurahi kwa dhati. Alimpenda mkewe, kwa kadiri alivyokumbuka. "Basi imekuwa nafuu kubwa," akasema. "Huna hata haja ya kuhangaika kukaa." Wote mezani wakaona ni mpango mzuri. Mama Pacha akairudisha shingo sufuriani, akaupeleka mtungi wa maji mezani, kwa sababu walikuwa wanamwita.

Tangu hapo wageni wakifika wakati wa chakula na kuuliza kwa adabu kama Mama Pacha naye amekula, Baba Pacha huinua kitambaa cha meza, huchungulia chini, kisha hujibu kwa roho safi kabisa, "Ameshiba huyo. Karibuni."