Kichwa cha Samaki cha Felismina

Miaka ile picha za sinema zilipokuwa bado hazisemi, nilikuwa nikikata na kuunga mikanda ya Senhor Valdemar, Lisbon. Filamu yake mpya ilionyesha siku moja ya mji, wenye nacho na wasio nacho, bila hata neno moja la maandishi. "Picha zitajisemea, Bi Deolinda," alikuwa akiniambia.

Katika mkanda wa soko la samaki nikamwona Felismina, muuza kabichi wa mtaani kwetu. Aliinama, akaokota kichwa cha samaki, akakifunga kwenye gazeti. Cha paka wake, nilijua. Kisha mkono wenye pete ukaingia kwenye picha, ukakitupa chini tena. Akaokota tena. Mara ya tatu akakitia mdomoni, kibichi, na utumbo ukining'inia. Akauma.

Nilikwenda kumwuliza.

"Yule bwana wako mwenye pete alisema kamera imegoma," akasema, bila kunitazama. "Halafu akasema, 'Uma kidogo tu, mama, ni mchezo.' Nilitapika nyuma ya mapipa, mwanangu. Na hilo wamelipiga picha?"

"Hapana."

"Afadhali."

Kesho yake Valdemar akaniagiza: "Weka ile ya tatu. Baada yake, yule mama wa koti la manyoya anayemeza chaza. Watu watalia machozi!"

"Huyu si ombaomba, Senhor."

"Kwenye filamu yangu ni ombaomba. Wewe unga tu."

Nikaunga. Niliziunga zote tatu, pamoja na mkono wa Valdemar na pete yake.

Jumapili mchana, filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, ukumbi ulijaa manukato na kofia za hariri. Mkono ulipotokea mara ya kwanza, Valdemar alishtuka kwenye kiti. Nikangoja watu wazomee. Felismina alipouma, mwanamke mmoja mbele yangu alifunika pua kwa kitambaa, kisha akacheka. "Mtundu huyu Valdemar! Kajiweka na yeye mwenyewe!" Kicheko kikaenea, yakafuata makofi. Valdemar akasimama, rangi imemrudia, akainama kushukuru kana kwamba alilipanga.

Nje ya ukumbi alinifuata na kisahani cha sambusa za kamba, midomo yake iking'aa mafuta.

"Kula, Bi Deolinda. Umenijengea jina!"

Nilitema mate juu ya zile sambusa. Watu wakageuka. Nikachukua koti langu nikaondoka, na kazi ile sikuirudia.

Felismina alikuwa mlangoni kwake, amevaa aproni iliyopigwa pasi.

"Haya, walisemaje?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Walicheka. Wakapiga makofi."

Akaivua aproni, akaikunja.

"Wakati nauma?"

"Wakati unauma."

Akaingia ndani. Nilimsikia akisukutua mdomo, akitema, akisukutua tena.